Mvumilivu Hakula Mbivu: Maisha ya Mike Webster

Wasee, leo nataka tubishane na methali. Tangu darasa la kwanza tumeambiwa mvumilivu hula mbivu. Imeandikwa kwa leso, imeandikwa nyuma ya matatu, na insha nyingi za shule ya msingi zilimalizikia hapo hapo. Mimi sina shida na uvumilivu. Shida yangu ni kwamba kuna watu wanavumilia miaka yote, halafu mbivu zinaliwa na wengine. Kama unataka ushahidi, twende Pittsburgh, Marekani, nikueleze kuhusu jamaa anayeitwa Mike Webster.

Najua wengi wenu hamfuatilii futiboli ya Marekani. Ule mchezo wa kofia ngumu na mabega makubwa, mpira kama yai, unasimama kila baada ya sekunde chache. Usijali. Huhitaji kujua sheria zote. Unahitaji kuelewa kazi moja tu.

Kazi yenyewe

Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu ikiwa na mpira, watano kati yao wanapanga mstari mbele, na kazi yao ni kuzuia. Wao hawafungi, na kwa kawaida hawaruhusiwi hata kudaka pasi. Wanasimama kati ya adui na yule mrushaji wao mkuu, kwotabeki, ambaye ndiye uso wa timu, ndiye wa matangazo ya biashara, ndiye mwenye pesa. Akirusha vizuri, yeye ndiye staa. Akiangushwa, lawama ni ya wale watano.

Katikati ya hao watano kuna senta. Yeye ndiye anayeinama, anashika mpira chini, kisha anaupitisha kati ya miguu yake hadi kwa kwotabeki. Kwa hivyo yeye anagusa mpira kila mara, lakini kwa nukta moja tu. Mkono ukiwa bado uko nyuma, jitu la kilo 120 linamjia kichwani.

Kama umewahi kukaa pale RFUEA, Ngong Road, ukaona raga ya watu 15, unajua ile skramu, vile wale wa safu ya mbele wanavyogongana. Sasa chukua ule mgongano, ongeza mwendo, halafu urudie. Kwa mechi moja ya futiboli, timu moja inaweza kuwa na mpira mara 60 au 70, na kila mara jamaa wa mstari wa mbele lazima agongane na mtu. Hakuna mchezo wa kupumzika kwake.

Webster alifanya hii kazi miaka 17.

Kijana wa shamba la viazi

Alizaliwa tarehe 18 Machi 1952 huko Tomahawk, jimbo la Wisconsin, akalelewa kwa shamba la viazi. Kule ni baridi, kazi ni ya mikono, na hakuna mtu anauliza kama umechoka. Akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, na 1974 timu ya Pittsburgh Steelers ikamchagua. Lakini skiza alivyochaguliwa: raundi ya 5, baada ya vijana wengine 124 kuitwa. Walimwona mdogo. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 185 na uzito kama kilo 115. Kwetu hilo ni gari. Kwa kazi ile walisema hatoshi.

Mwaka huo Steelers waliwachagua pia Lynn Swann, Jack Lambert na John Stallworth. Wote wanne, Webster akiwemo, walikuja kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la futiboli. Hadi leo watu wanaihesabu drafti ile kuwa bora kuliko zote.

Mwanzoni alikuwa anagawana nafasi na mkongwe Ray Mansfield. Kutoka 1976 nafasi ikawa yake, na hapo ndipo jina likapatikana: Iron Mike, Mike wa chuma. Alianza mechi 150 mfululizo. Kilichokuja kumsimamisha ni kiwiko kilichoteguka 1986, na hata hapo alikosa mechi nne tu. Wakati wa theluji wenzake walikuwa wanajifunika, yeye alitoka na mikono wazi, misuli nje, ndio yule wa mbele aone kwamba huyu hasikii baridi. Steelers walichukua Super Bowl nne ndani ya misimu sita, na Webster alikuwa ndani ya zote nne. Alichaguliwa kwa mechi ya mastaa, Pro Bowl, mara 9. Alikuwa nahodha. Alipoachana na Pittsburgh baada ya msimu wa 1988 alienda Kansas City Chiefs, walimtaka awe kocha, lakini akarudi uwanjani akacheza misimu miwili zaidi. Jumla ni mechi 245.

Hebu tupige hesabu ya haraka. Tuseme kila mechi alicheza michezo 50 tu. Mara 245, hiyo ni 12,250. Na bado hujaweka mazoezi, ambako pia walikuwa wanagongana kila wiki.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau. Alipoanza kucheza, sheria zilikuwa mbaya zaidi kwa hawa wa mbele. Mzuiaji hakuruhusiwa kunyoosha mikono, alitakiwa aiweke karibu na kifua. Sasa kama huna mikono, unazuia na nini? Na kichwa. Na yule wa upande wa pili aliruhusiwa kukupiga makofi ya kofia ngumu, mpaka ligi ilipopiga hiyo tabia marufuku 1977. Mwaka uliofuata ndipo wazuiaji wakaruhusiwa kunyoosha mikono na viganja wazi. Kwa hivyo miaka yake ya kwanza, kichwa chake kilikuwa kifaa cha kazi. Tena huko kwao kugongwa ukaona nyota ilikuwa kitu cha kuchekea. Unatingisha kichwa, unarudi kwa mstari.

Baada ya shangwe

Alistaafu mwanzoni mwa 1991, akiwa na miaka 39 hivi.

Kilichofuata kinaumiza kusoma. Yule mtu aliyekuwa mpole nyumbani akaanza kuwa mwingine. Anasahau. Anakasirika bila sababu. Pesa zikapotea katika biashara na mipango isiyoeleweka. Ndoa ikavunjika. Kuna siku alilala ndani ya pikapu yake, na kuna siku alilala kwa kituo cha treni cha Pittsburgh, jiji lile lile alilolipatia mataji manne. Meno yalipong'oka alijaribu kuyagandisha na gundi kali. Usingizi ulipokataa kwa sababu ya maumivu, alijipiga shoti na kile kifaa cha umeme cha kujikinga na wezi, mpaka azimie, ndio alale. Aliandika barua nyingi sana, kurasa kwa kurasa, ambazo zilianza na maana zikaishia kusikoeleweka.

1997 walimwita Canton, Ohio, kumwingiza Jumba la Mashujaa. Aliyemtambulisha alikuwa Terry Bradshaw, yule kwotabeki aliyekuwa anamlinda. Ukitazama ile hotuba ya Webster leo, unaona mtu anazungumza, anapotea, anarudi, anapotea tena, na watu wanapiga makofi. 1999 alifikishwa kortini kwa kughushi karatasi za daktari ili apate dawa ya Ritalin, ambayo yeye alisema inamsaidia kufikiri. Akapewa kifungo cha nje.

Watu wa mtaa wangesemaje? Si unajua. Ni pombe. Ni pesa zimemharibu. Amerogwa. Amerika pia walisema yao: staa aliyeanguka, hadithi ya kila siku.

Karatasi ambayo haikusomwa

Hapa ndipo mimi nilikasirika, na ndio sababu naandika.

Webster na wakili wake waliomba fidia ya ulemavu kutoka kwa mpango wa pensheni wa ligi. Bodi ya mpango huo ina wapiga kura sita, watatu wameteuliwa na wenye timu na watatu na chama cha wachezaji. Webster alipimwa na madaktari kadhaa, mmoja wao akichaguliwa na mpango wenyewe. Jibu likawa moja: huyu mtu ubongo wake umeharibika, na chanzo ni vipigo vya kichwa uwanjani. 1999 bodi ikakubali. Ikaandikwa kwa karatasi kwamba amelemaa kwa sababu ya futiboli.

Sasa weka hiyo karatasi kando ya nyingine. Tangu 1994 ligi hiyo hiyo ilikuwa na kamati yake ya kuchunguza mitikisiko ya ubongo. Mwenyekiti wake alikuwa daktari wa magonjwa ya viungo na baridi yabisi. Ubongo haukuwa fani yake. Kamati hiyo ikaandika makala baada ya makala kwa jarida la kitaalamu, na ujumbe ulikuwa mmoja: hakuna shida kubwa, mchezaji aliyetikiswa anaweza kurudi, hakuna ushahidi wa madhara ya kudumu.

Yaani kwa ofisi moja wanamlipa mtu kwa sababu futiboli imemharibu ubongo, kwa ofisi nyingine wanaambia dunia futiboli haiharibu ubongo. Uamuzi ule wa bodi ulikuja kujulikana na watu wengi 2012, pale waandishi wa habari walipoutoa nje. Miaka 13!

Na hata hayo malipo, walibana. Bodi ilisema ulemavu kamili ulianza 1996, wakati upande wa Webster ulisema ulianza alipoacha kucheza 1991. Tofauti ya hiyo tarehe ni pesa nyingi, kwa sababu malipo ya anayelemaa akiwa bado kazini ni makubwa kuliko ya anayelemaa baadaye. Kesi ilienda korti. Familia ilishinda 2005, na korti ya rufaa ikakubaliana nao 2006. Wakati huo mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Daktari kutoka Nnokwa

Alikufa tarehe 24 Septemba 2002, kwa shtuko la moyo, akiwa na miaka 50. Mwili ukapelekwa kwa ofisi ya uchunguzi wa maiti ya kaunti ya Allegheny. Daktari aliyekuwa zamu wikendi hiyo anaitwa Bennet Omalu.

Omalu ni Mnigeria, Muigbo. Alizaliwa Nnokwa 1968, katikati ya vita vya Biafra, akasomea udaktari Nsukka, akaenda Marekani 1994. Futiboli haikumhusu. Pittsburgh nzima inajua Mike Webster ni nani, yeye hajui. Na naamini kutojua kwake ndiko kulisaidia, kwa sababu yeye hakuona shujaa mezani. Aliona mzee wa miaka 50 aliyechakaa kuliko umri wake, mwenye historia ya kuchanganyikiwa, na akauliza swali rahisi: kwa nini?

Alipoutoa ubongo, kwa macho ulionekana kawaida. Mtu mwingine angefunga faili. Omalu akaagiza uhifadhiwe, ukatwe vipande vyembamba, upakwe rangi za maabara. Gharama nyingine alitoa mfukoni mwake. Chini ya darubini akakuta protini inayoitwa tau imejikusanya mahali ambapo haifai kuwa kwa mtu wa umri ule. Ugonjwa wenyewe kwa kifupi unaitwa CTE, maradhi ya ubongo yanayoletwa na kugongwa mara nyingi. Kwa mabondia dalili zake zilikuwa zimeandikwa tangu 1928, na daktari Harrison Martland. Kwa mchezaji wa futiboli wa kulipwa, Webster alikuwa wa kwanza kuthibitishwa. Na bado mpaka leo, ugonjwa huu unathibitishwa kwa uhakika baada ya mtu kufa tu.

Omalu na wenzake walichapisha matokeo 2005. Wengine wangetarajia ligi iseme asante. Wanachama watatu wa ile kamati waliandika kwa jarida wakitaka makala ifutwe. Haikufutwa. Ya pili ikatoka 2006, kuhusu Terry Long, ambaye pia alikuwa mtu wa mstari wa mbele wa Steelers. Baadaye ubongo wa Justin Strzelczyk ukapimwa, yule yule CTE. Wazuiaji watatu, timu moja, jiji moja.

Jina kamili la ukoo wa Omalu ni Onyemalukwube. Kwa Kiigbo maana yake ni kama kusema, anayejua na ajitokeze aseme. Sitaongeza kitu hapo.

2009 mkuu wa ligi aliitwa mbele ya Bunge la Marekani, na mbunge Linda Sánchez akawafananisha na kampuni za sigara zilizokuwa zikikana madhara. Mwishoni mwa mwaka huo msemaji wa ligi akakiri kwamba mitikisiko inaweza kuleta shida za muda mrefu. Ilibidi tungoje mpaka 2016 ndipo afisa wa ligi akubali wazi kwamba kuna uhusiano kati ya futiboli na CTE.

Fidia pia ikaja. Zaidi ya wachezaji 4,500 wa zamani walikuwa wameshtaki, na 2013 wakafikia makubaliano ya dola milioni 765, ambayo baadaye kikomo chake kiliondolewa. Lakini makubaliano yaliweka mstari: kama mchezaji alifariki kabla ya tarehe 1 Januari 2006, familia lazima kwanza iishawishi korti kwamba muda wa kushtaki haukuwa umepita. Webster alifariki 2002. Yaani aliyefungua mlango kwa mwili wake, mlango ule ulikuwa mzito zaidi kwa watu wake. Niambie sasa, mvumilivu amekula nini?

Na sisi tunaingilia wapi?

Utaniuliza, buda, hii ya wazungu inatuhusu nini? Inatuhusu. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwa raga akajiunga na Indianapolis Colts 2013. Aprili 2023 NFL ilileta kambi hapa Nairobi kutafuta vijana. Ule mchezo wa bendera, usio na kuangushana, utakuwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Hawa watu wanatafuta miili mikubwa Afrika, na wanajua iko. Na kijana mkubwa ambaye hajakua na huu mchezo, mara nyingi anapewa kazi gani? Kuzuia. Mstari wa mbele.

Mimi sisemi wasiende. Kijana wa Kakamega au Kisumu akipata nafasi ya kusomeshwa na kulipwa dola, mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi. Pia lazima tuwe wakweli kuhusu takwimu. Kuna utafiti wa 2017 uliopima bongo za wachezaji 111 wa NFL waliokufa, na 110 zilikuwa na CTE. Inatisha, lakini bongo hizo zilitolewa na familia, nyingi zikiwa tayari zimeona dalili. Haimaanishi kila anayecheza ataugua. Na sheria za leo si za 1974. Mazoezi ya kugongana yamepunguzwa, mchezaji akitikiswa anatolewa akapimwe.

Kuna wale husema pia: alijichagulia, alilipwa, alifurahia. Ni kweli alipenda mchezo, huwezi kukaa miaka 17 kwa kitu unachokichukia. Lakini kuchagua ni pale unajua bei. Webster alijua magoti yataisha. Alijua vidole vitapinda. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja hatakumbuka njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hivyo nikija kwa maoni yangu, ni haya. Tuache kusifu mtu kwa kutokosa kazi hata siku moja, kana kwamba hiyo peke yake ni sifa. Zile mechi 150 mfululizo zilizompa jina ndizo zilizommaliza. Kila Jumapili alipokuwa anajikaza, kuna mtu alikuwa anauza tiketi. Na hii si ya Marekani tu. Ni ya bondia wetu anayepigana mara nyingi bila kupimwa, ni ya mchezaji wa raga shuleni anayeambiwa "amka, wewe ni mwanaume" baada ya kuzimia, ni ya askari wa usiku, ni ya mjengo. Tunapenda sana mtu anayevumilia kwa sababu uvumilivu wake haututozi kitu.

Kama wewe ni mzazi na mtu wa kambi amekuja kumtaka kijana wako, uliza kwanza maswali matatu. Akigongwa kichwa, nani anaamua kama atarudi uwanjani, kocha au daktari? Huyo daktari analipwa na nani? Na miaka 20 baadaye, akianza kusahau, karatasi gani inasema nani atamtunza? Wakikosa jibu la lile la tatu, usitie sahihi.

Methali tusiitupe, tuiongeze tu kitu. Mvumilivu hula mbivu, ndio, lakini ahakikishe mapema shamba limeandikwa jina la nani. Wewe unaonaje? Ungemruhusu wako aende?